Eti sinema hailipi

Kila jumba la sinema la Mji Mkongwe, Zanzibar, linapotajwa, hutolewa kauli ileile ya haraka kwamba halilipi, kana kwamba hesabu ya tiketi ndiyo hesabu pekee. Majestic ya Vuga, iliyojengwa mwaka 1955, iliachwa hadi paa likaporomoka. Cine Afrique ya Malindi imegeuzwa maduka. Ni kweli kwamba mwenye jengo hawezi kulipia umeme kwa kumbukumbu zetu, na wengi wanaolalamika waliacha kukata tiketi tangu video zilipoingia majumbani. Lakini wakazi wakitaka ukumbi huambiwa wamsubiri mwekezaji, naye akifika huulizia kwanza idadi ya fremu za maduka. Na huu ndio mji wa tamasha la filamu la ZIFF!