Binzari Imeombwa Cheti cha Kuzaliwa

Mimi cheti changu cha kuzaliwa nilikipata nina miaka 31, kwa barua mbili za serikali ya mtaa na kuapa. Leo binzari ya pilau, mchanganyiko wetu wa viungo ambao haujamaliza hata wiki duniani, unatakiwa uwe na chake kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa napeleka paketi 200 Mombasa. Nauli sizungumzii. Na yule wa fotokopi ambaye chenji huwa hana tangu asubuhi, Mungu anamwona.

Nikafika mpakani (mpaka wenyewe siutaji, wiki ijayo nina mzigo mwingine) nimevaa shati la Idi, nikaegemea dirisha kama muuzaji wa nje ya nchi. Si ndivyo nilivyo? Mzigo usiozidi dola 2,000 unajaziwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuonyesha bidhaa imezaliwa wapi, pale pale mpakani, na ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipi. Semina nilihudhuria. Hata sambusa nilikula.

"Shikamoo mzee. Hii imetoka wapi?" akauliza kijana wa forodha.

"Marahaba. Tanga."

"Na vilivyomo ndani?"

"Mdalasini, Muheza. Pilipili manga, Muheza. Karafuu, Muheza. Iliki, Amani." Nikaanza kujisikia mbunge wa Muheza.

"Binzari nyembamba?"

Nikakohoa kidogo. "Dukani."

"Duka limeitoa wapi?"

"Kwenye gunia."

"Gunia limeandikwaje?"

Jamani, gunia lile nalijua. Liko mlangoni kwetu, tunafutia miguu, limeandikwa India kwa herufi kubwa kuliko za bango la harusi.

Kijana wala hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Akanieleza taratibu, kama daktari anayekwambia sukari imepanda. Kilichozalishwa chote ndani ya Jumuiya hakina maneno. Kikiwa na vya nje, lazima kifanyiwe kazi ya maana huku kwetu. Ziko bidhaa zinapimwa kwa thamani, vya nje visizidi asilimia 70 ya bei ya kutoka kiwandani. (Kiwandani! Kiwanda chetu ni kikaango, kinu na mtoto wa shemeji.) Halafu ziko kazi ambazo hata ukeshe ukizifanya hazikupi uasili: kufungasha, kubandika lebo, na uchanganyaji rahisi wa vitu vya nje.

Kosa langu, simu ilikuwa hewani. Mke wangu alitaka kujua kama tumevuka.

"Rahisi nini?" sauti ikatoka mfukoni.

"Hapana, mama, ni maneno ya kanuni tu..."

"Mwambie huyo mwanangu, binzari hiyo nimeichambua mawe, nimeiosha, nimeianika, ikanyeshewa, nikaianika tena! Nimeikaanga kwa moto wa vifuu mpaka macho yakawa mekundu, jirani akaja kuuliza tumefiwa na nani! Rahisi? Aje achanganye yeye!"

Nyuma yangu kwenye foleni mtu akasema, "Kweli kabisa, dada."

Kijana akaweka kalamu chini. "Shikamoo mama." Huyo kalelewa. Akaandika kukaanga, akaandika kusaga, roho yangu ikatulia. Kisha akasema, "Sasa mzee, naomba risiti ya hiyo binzari nyembamba, tuone thamani yake."

Risiti! Nimenunua kwa mzee ambaye daftari lake la mahesabu ni ukuta wa duka, na mwezi wa Ramadhani aliupaka chokaa.

Basi nimekaa kwenye benchi na katoni zangu nne. Umoja wa forodha umeanza 2005, kanuni mpya za uasili zimekuja 2015, mimi nakubali vyote, lakini hivi kweli hakuna mtu aliyewaza kwamba mtu wa kinu hana faili? Bibi yangu alikuwa akienda harusini Vanga, upande wa Kenya, na ungo kichwani, hakuulizwa ungo umesukwa wapi. Mimi mwenyewe shangazi zangu wako Vanga, babu katokea Kwale, mama ni wa Pangani. Nikipigiwa hesabu ya asilimia 70 sijui nitajazwa upande gani. Na shangazi mmoja ana sufuria yangu kubwa tangu arusi ya mwanawe, kila nikimpigia anasema mtandao mbaya.

Njaa imenishika, nimeagiza pilau kwa mama ntilie. Viazi vitatu, nyama moja, nayo mfupa. Nikamuuliza, dada, hili ni pilau la nini?

"La viazi. Kama hutaki rudisha sahani."

Nimekula.