Sijamsamehe, lakini sitaki afungwe

Jumatano ijayo kijana aliyekuwa muuzaji wangu dukani atasimama mahakamani Mombasa kusikia hukumu yake. Kosa amelikiri mwenyewe. Kwa miezi kumi na moja aliniibia shilingi 186,000, na sasa kila ninayekutana naye Likoni ananiuliza nataka afanywe nini.

Mtindo wake ulikuwa mwepesi. Mteja akitaka kulipa kwa simu, haambiwi namba ya till iliyobandikwa ukutani. "Hiyo leo inasumbua, tuma hapa," kisha anatajiwa namba ya kijana. Simiti inatoka stoo, daftari halina habari. Nilijua siku fundi mmoja aliporudi kubadilisha bomba, nikamwomba risiti, akanionyesha meseji ya malipo. Jina la aliyepokea halikuwa la duka. Nilikaa juu ya mfuko wa simiti, miguu imeniisha nguvu.

Sheria ya Kenya haimchukulii mtu kama huyu sawa na mwizi wa njiani. Wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 3. Mtumishi akimwibia mwajiri wake, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hadi miaka 7. Naona ni haki iwe hivyo. Mwizi wa njiani huvunja kufuli, lakini huyu ufunguo nilimpa mimi kwa mkono wangu.

Wiki mbili zilizopita mamake alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, nikamvutia kiti, akakataa, akaketi kwenye mkeka. Akafungua pindo la leso, akatoa shilingi 4,000 zilizokunjwa hadi zimekuwa kama kitufe. "Dadangu, ondoa kesi." Nilizipokea, nikamwandikia risiti. Kisha nikamweleza jambo ambalo wengi hawalijui: kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mimi ni mlalamishi tu, na mtu akishakiri siwezi kuamka asubuhi nikaifuta.

Ila naweza kuulizwa, na nimeulizwa. Afisa wa probesheni alifika dukani kuandika ripoti ya kumsaidia hakimu. Nilimwambia sijamsamehe kijana yule, wala asiandike kwamba nimemsamehe. Nilimwambia pia kwamba sitaki apelekwe Shimo la Tewa, gereza la kule Shanzu.

Majirani hawanielewi. Wako wanaosema mwizi ni mwizi, ningewaita tu vijana wa mtaa wamalizane naye, na maneno hayo yananitisha, kwa sababu sote tumeona mtu akipigwa mawe kwa sababu ya simu. Wengine wanasema asipofungwa wauzaji wote watajifunza kuiba. Hao nawasikiliza, hofu yao ni yangu pia. Lakini hesabu nimeipiga usiku na mchana. Kijana yuko nje kwa dhamana, anapakua mizigo soko la Kongowea. Zimebaki shilingi 182,000. Akinilipa 5,000 kila mwezi, deni litaisha kwa miaka mitatu na kidogo. Akikaa jela miaka hiyo hiyo mitatu, mimi sipati hata thumni, mamake atakuwa akipanda matatu kwenda Shanzu kumpelekea sabuni, na yeye atatoka hana kazi wala wa kumpa.

Na njia ipo, si huruma ya kuombaomba. Mahakama inaweza kumwamuru mkosaji amlipe fidia aliyemdhulumu. Inaweza kumpa kifungo cha nje chini ya afisa wa probesheni, hadi miaka 3. Tangu 1998 kuna pia sheria ya huduma kwa jamii, na hata kosa lenye adhabu kubwa linaweza kuingia humo, hakimu akiona mtu huyu hastahili zaidi ya miaka 3. Mahakimu wanayo haya yote mkononi. Ningependa wayatumie zaidi kwa watu wanaokiri na wenye nguvu za kulipa.

Kuna jambo moja ambalo hela haziliponyi. Kabla sijaujua ukweli, nilimshuku mchukuzi wangu, mzee aliyebeba mifuko yangu miaka sita. Nilimkata 3,000 kwenye mshahara, miezi mitatu mfululizo. Kijana alikuwepo kila mara nilipozikata. Ndiye aliyeshika kalamu, akaandika "hasara" mbele ya jina la mzee, na hakutamka neno. Hapo ndipo msamaha wangu uliponikwama.

Mzee nimemrudishia 9,000 zake na nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Akazihesabu polepole. "Pesa nimezipata, Bi. Lakini huku nje walishaambiana mimi ndiye mwizi."

Kwenye hati ya mashtaka aliyeibiwa ni mimi peke yangu. Nilimwomba afisa aandike na jina la mzee, na kwamba kijana, afungwe asifungwe, atamke mahakamani kuwa mzee hakuchukua hata msumari. Afisa aliandika, akanisomea, nikatia sahihi.

Jumatano tutavuka feri ya alfajiri, mimi na mzee. Ameniambia anataka kukaa benchi la mbele.