Baada ya sifuri kuna nini

Jamani mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, watoto 94 chumba kimoja, na kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ile K ya tatu ndo ilikuwa inaninyima usingizi. Moja mpaka mia wanaimba kama kwaya, ila waambie tano jumlisha tatu uone, wanaweka kidole kwenye tano wanasema moja, sita mbili, saba tatu, jibu saba! Kila siku saba. Nimeleta vizibo vya soda, nimeleta vijiti, nikaleta na punje za mahindi, moja ikaishia puani kwa mtoto, hiyo stori nyingine.

Kwenye kikao chetu cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, mwenzangu mmoja akasema watoe nje waruke. Mtoto akiruka hawezi kuhesabu pale aliposimama, anahesabu mruko, maana huwezi kusema "moja" na miguu haijanyanyuka. Nikaona hii ina akili. Kesho yake nikaomba ndoo ya majivu kwa mama lishe, nikachora mstari wa namba uwanjani, 0 mpaka 10, namba na namba hatua moja ya mtoto, sifuri ikaangukia pale chini ya mwembe.

Na kweli bwana ikakubali! Mtoto anasimama kwenye tano, ruka moja, ruka mbili, ruka tatu, huyo kwenye nane, makofi. Kuna katoto tangu Januari hakajawahi kupata hesabu ya kujumlisha, siku hiyo kakapata nne mfululizo mpaka kakawa kanaruka zamu za wenzake. Nikavimba kichwa. Mmoja akauliza, "Ticha, baada ya sifuri kuna nini?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Hakuna kitu, sifuri ndo mwisho." Sasa namba hasi utamweleza nini mtoto wa darasa la kwanza?

Tukaja kwenye kutoa. Kutoa unaruka kinyumenyume, watoto wakaogopa, nikasema ngoja niwaonyeshe. Nikasimama kwenye nne nikapaza sauti, "Nne kutoa tatu, hesabuni!" Mstari wenyewe nilipima kwa miguu ya watoto, mruko wangu mmoja namba mbili zimeisha, hilo sikulifikiria. Halafu watoto 94 ukiwaambia hesabuni hawana breki. Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! na mimi mzuka umenipanda nafuata sauti tu, narudi nyuma kama gari la mchanga. Na kumbe saa nne ilikuwa inakaribia, mama mihogo kaja kimya kimya, katandika biashara yake kivulini, nyuma ya sifuri.

Kwenye "sita" nikakaa.

Kalio moja kwenye beseni la mihogo ya kukaanga, la pili ndani ya kindoo cha chachandu, likaenea kabisa kama limepimwa. Watoto kimya kama sekunde mbili hivi, halafu wote kwa pamoja, "Sabaaaa!"

Nikainuka na kindoo kimening'inia nyuma, mama kasimama mikono kiunoni ananitazama, na kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba mwanangu, elfu nane." Vipande 60 vya mia mia, na chachandu elfu mbili. Nikataka kujitetea, nikasema tuhesabu, tukapata 41, kugeuka nyuma mashavu ya watoto yote yamevimba. "Haya mwalimu," mama akasema, "sitini kutoa arobaini na moja, si ndo somo lako?" Nikalipa. Na wakati natoa hela pilipili mbuzi ikaanza kazi yake, suruali yenyewe ya kitambaa chepesi, wacha nisieleze zaidi, nilikimbia bombani kwa mwendo ambao sijakimbia tangu JKT. Mama akanionea huruma akaniazima kanga, nikarudi nayo nyumbani mchana kweupe, na maneno yaliyoandikwa kwenye ile kanga siyasemi hapa.

Jumatatu mkuu wa shule akaingia darasani kwangu, mikono nyuma, sura ya kazi. Akauliza, "Nne kutoa nne?" Wakajibu "Sifuri!" bila hata kugusa vidole, nikajisikia vizuri sana. Akatingisha kichwa, akanitupia jicho mimi, akawageukia tena, "Na mkizidi kurudi nyuma ya sifuri?"

Watoto 94, pumzi moja: "Mama mihogooo!"