Kabla hujapiga pevingi uani, jua kwanza maji yatapita wapi

Hivi nani alituambia kwamba nyuma ya nyumba kukiwa na udongo ni uchafu? Pita Goba, pita Madale, Kibamba, hata Kigamboni huko, nyumba mpya nyingi stori ni ile ile, mtu anahangaika na ujenzi mpaka nywele zinakatika, akimaliza bati na tailizi anaita fundi wa pevingi anamwambia piga yote, ukuta kwa ukuta, halafu pembeni anachomeka miashoki imesimama kama askari wa gwaride na kivuli haina, basi, bustani imeisha. Mimi naona hapo umenunua joto kwa hela yako mwenyewe. Zile bloksi zinakula jua kutwa nzima halafu usiku ndo zinalirudisha, tena dirishani kwako, na wewe unalalamika feni haisaidii.

Ila joto ni la pili, la kwanza ni maji. Hesabu yake ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako likifunika mita za mraba 150 na pevingi ikafunika 100 nyingine, mvua ya milimita 40 ikipiga, na masika hiyo sio mvua ya kushangaza, una lita 10,000 zinatafuta pa kwenda. Hilo ni boza zima jamani! Yaani Januari unapiga simu uletewe boza, Aprili unalimwaga boza hilo hilo kwa jirani wa bondeni halafu mnanuniana. Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni kichanga, unakunywa maji vizuri tu ukiachiwa nafasi. Kama huna uhakika na wa kwako chimba kashimo ka futi moja, jaza maji, yakiisha jaza tena uangalie yanashuka haraka au yanagoma. Yakigoma una mfinyanzi, na hapo ndo unatakiwa ufikirie mitaro mapema kabla hata ya kuwaza ua la rangi gani.

Kwa hiyo fundi akija, kitu cha kwanza kutoka kwenye begi uwe mpira wa levo, ule wa kujaza maji kupimia usawa, sio katalogi. Ardhi ishuke kutoka ukutani kwenda nje, sentimita mbili kwa kila mita penye pevingi, na kama tano penye udongo mtupu karibu na msingi, inatosha. Gata zishushe maji kwenye tangi, na tangi likijaa maji ya ziada yaende kwenye shimo la mawe mbali na msingi. Na tafadhali usiunganishe gata na chemba za choo, utaita gari la maji taka masika nzima mpaka namba ya dereva uijue kwa kichwa.

Baada ya maji sasa jiulize uani kwako kunafanyika nini. Wazee wetu na zile nyumba za Kiswahili walijua, mbele baraza ya kupokea wageni, katikati ukumbi, nyuma ua, na uani ndo maisha yalikuwa huko, kupika, kufua, kuanika, kusukana. Sisi tumebadilisha ramani ila kazi hazijabadilika. Bado mkaa unawashwa nje kwa ajili ya maharage maana gesi hakuna anayetaka kuimalizia kwenye maharage, bado nguo zinafuliwa kwenye beseni, bado kukitokea shughuli au msiba masufuria makubwa yanahitaji pa kukaa na turubai linahitaji pa kusimama. Sasa wewe unachukua picha mtandaoni ya nyumba ya Marekani yenye viti vya mbao na shimo la moto la kuotea baridi, baridi gani Mbagala?

Jiko la nje mimi ningeliweka upande wa magharibi wa uwanja. Upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, zote mbili zinasukuma moshi kuelekea magharibi, kwa hiyo nyumba inasalimika (jirani wa huko mnisamehe). Ukuta na magorofa vinaupindisha upepo kweli, so washa jiko kwanza uone moshi unaelekea wapi kabla hujajenga cha kudumu. Kamba ya nguo ikae mbali na hapo, kwenye jua. Na upande huo huo wa magharibi, ila sio juu ya jiko, ndo pa kupanda mti wa kivuli, maana jua linalochoma ukuta ni lile la saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni.

Mti gani? Mkungu una kivuli kizuri ila kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 utakusumbua, majani yake mapana yanaziba gata na mizizi inanyanyua sakafu. Mwembe wa kienyeji nao ni mkubwa mno. Mstafeli, mpera, mlimao, hivyo vinakaa vizuri kwenye eneo dogo, mlonge kama una haraka. Migomba ipande pale maji ya kuoshea vyombo yanapotokea, itakunywa yote na mbu watakosa dimbwi.

Majani ya chini, sawa, pasipalamu ni nzuri, sikatai, ila inataka maji na inataka kukatwa, wakati matembele unachomeka mashina tu, yanafunika ardhi, na jioni unachuma mboga. Sijui kwanini tunayaonea aibu. Lakini chochote utakachopanda, toa kwanza kifusi cha ujenzi. Watu wanamwaga udongo mweusi juu ya zege kavu na vipande vya tofali halafu wanashangaa mimea imedumaa, wanadai mbegu feki.

Pevingi sijasema ni haramu. Weka pale gari linapopita, weka njia ya kwenda kwenye kamba na jikoni, weka sehemu ya kufulia, penginepo acha ardhi ipumue. Kitakachobaki kwenye bajeti nunua tangi kubwa zaidi. Kile kibanda cha nyasi cha kukaa jioni na wageni kinaweza kusubiri mwakani, kwa sasa wageni wakija watakaa chini ya mpera wa jirani.