Zanskar Baada ya Barabara: Kilio cha Mgeni, Hesabu ya Mwenyeji

Machi 2024 serikali ya India ilitangaza kwamba barabara ya Nimmu–Padum–Darcha, yenye urefu wa kilomita 298, imeunganika mwanzo hadi mwisho. Padum ni mji mkuu wa Zanskar, bonde la Ladakh lililozingirwa na milima ya Himalaya, kaskazini kabisa mwa India. Kabla ya hapo gari lilikuwa na njia moja tu ya uhakika ya kufika huko: kutoka mji wa Kargil, kupitia pito la mlimani la Pensi La lililo mita 4,400 juu ya usawa wa bahari, barabara iliyofika Padum karibu mwaka 1980. Theluji ikishuka, pito hilo hufungwa kwa miezi sita au zaidi, na watu wapatao 14,000 walibaki humo ndani na akiba yao ya shayiri, samadi kavu ya kuwashia moto na subira.

Barabara mpya imezua mjadala wa kale kwa sura mpya. Upande mmoja wamo wapenzi wa safari za milimani, wengi wao wageni, wanaosema Zanskar imekwisha. Upande wa pili wamo wenyeji, ambao kwa sehemu kubwa waliingoja barabara hii kwa miongo. Mimi niko karibu zaidi na hao wa pili, lakini hoja za wa kwanza si za kubezwa zote, na mojawapo ni nzito kuliko wao wenyewe wanavyoijua.

Wanachokililia ni hiki. Monasteri ya Phugtal imejengwa kwenye mdomo wa pango, juu ya mto Tsarap; vyumba vya watawa vya udongo na mbao vimeshikana kwenye jabali kama masega ya nyuki, na ndani ya pango mna chemchemi. Kati ya 1825 na 1826 aliishi humo Mhangaria Alexander Csoma de Kőrös, akisoma maandiko ya Kitibeti na mtawa mwenyeji, kazi iliyozaa kamusi yake ya Kitibeti na Kiingereza ya mwaka 1834. Hadi juzijuzi, kutoka Padum kwenda Phugtal ilikuwa safari ya siku mbili tatu kwa miguu, na wengi waliendelea kupanda hadi pito la Shinku La, karibu mita 5,090, wakateremkia Darcha upande wa pili. Leo magari yanapita bondeni, na kilichobaki kutembea kufika monasteri ni mwendo wa saa chache tu.

Ukiwasikiliza wanaosikitika, wengi wanazungumzia hisia: ukimya, upweke, kufika mahali ambapo wengine hawajafika. Hiyo hainigusi sana. Upweke wa mgeni wa wiki mbili ulikuwa ni kukosa daktari kwa mwenyeji wa mwaka mzima. Kuna jambo wanaloligusia tu bila kulikazia, nalo ni fedha. Mtu anayetembea hulala kila kijiji. Leo analala hapa, kesho pale. Anakodi farasi wa mzee fulani, ananunua mkate na chai ya siagi kwa mama fulani, anamlipa kijana wa kumwongoza. Hela zinadondoka kidogokidogo njia nzima. Mtu wa gari au pikipiki anapita vijiji vyote hivyo kwa nusu siku, anapiga picha, anakwenda kulala Padum. Barabara huongeza wageni, lakini pia huwakusanya mahali pamoja, na anayekosa ni yule wa kijiji cha katikati, mwenye farasi wasio na wa kuwakodi. Hoja hii si ya hisia, na sijaona upande wa barabara ukiijibu vizuri.

Ya pili ni ya afya. Manali, mji wa kusini ambako wengi huanzia, iko kwenye kama mita 2,000. Tangu handaki la Atal, chini ya pito la Rohtang, lifunguliwe Oktoba 2020, mtu anaweza kunywa chai Manali asubuhi na kuwa juu ya Shinku La siku hiyohiyo. Kwa waliopanda Kilimanjaro: Padum iko karibu sawa na Horombo, na Shinku La iko juu zaidi ya kibanda cha Kibo. Hakuna mwongozaji wa Marangu mwenye akili timamu atakayekutoa Moshi akakufikisha juu ya Kibo kabla ya jua kuzama. Miguu ilikuwa inawalinda watu bila wao kujua, kwa kuwachelewesha.

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapo lazima tuzungumzie baridi.

Mto Zanskar hupita kwenye korongo refu kabla ya kuungana na Indus huko Nimmu. Januari na Februari uso wake huganda, na wenyeji waliufanya njia ya kwenda Leh, mji mkuu wa Ladakh. Njia hiyo huitwa Chadar. Watu walitembea juu ya barafu siku kadhaa, wakiburuta mizigo kwenye vigari vya mbao visivyo na magurudumu, anayetangulia akigonga barafu kwa fimbo na kusikiliza mlio wake kabla ya kukanyaga. Usiku walilala mapangoni, baridi ikishuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri na zaidi. Walibeba siagi ya kuuza Leh. Walipeleka watoto shule za bweni, wengine wadogo wa kushikwa mkono, na mtoto aliyekwenda hivyo angeweza kukaa miaka bila kuonana na mama yake. Mgonjwa mahututi alitegemea helikopta ya serikali, kama hali ya hewa iliruhusu.

Leo Chadar inauzwa kama matembezi ya majira ya baridi. Wageni hupimwa afya Leh na kutakiwa kupumzika siku kadhaa kwanza, kisha hutembea wakiwa na makoti mazito na wapagazi wenyeji wa kuwabebea. Hakuna ubaya, wapagazi wanapata riziki. Lakini mtu akisema barabara mpya, inayopita kwenye korongo hilo, imeiua Chadar, ningependa amweleze hivyo baba aliyembeba mtoto mgongoni huku barafu ikilia chini ya miguu yake.

Kuna mfano mwingine. Tarehe 31 Desemba 2014 mlima uliporomoka na kuziba mto wa Phugtal. Maji yalijaa nyuma ya kifusi majira yote ya baridi, ziwa likarefuka kilomita kadhaa, na tarehe 7 Mei 2015 likapasuka, likakokota madaraja ya bondeni. Anayekaa mahali ambapo jambo kama hilo linaweza kutokea hawezi kuiona barabara kama pambo.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba barabara ilijengwa kwa huruma. Zanskar iko kati ya mipaka miwili inayoiumiza India kichwa, wa Pakistani na wa China. Vita vya Kargil vya 1999 kati ya India na Pakistani vilionyesha jinsi barabara ya pito la Zoji La, itokayo Kashmir kwenda Leh, ilivyo wazi kwa mizinga ya upande wa pili, na mapigano na China huko Galwan ya Juni 2020, yaliyoua wanajeshi 20 wa India, yakaongeza haraka. Njia ya kupitia Padum iko mbali zaidi na mpaka. Julai 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi alilipua baruti ya kwanza ya handaki la Shinku La, la zaidi ya kilomita nne, linalokusudiwa kuifanya njia hiyo ipitike mwaka mzima. Kwa hiyo mgeni anayebishana na mwenyeji kama barabara ijengwe au isijengwe anabishana na mtu asiyeshika mpini. Jeshi lilikwisha kuamua. Swali lililobaki ni nani atakayevuna, na hapo ndipo Leh inapotufaa.

Ladakh ilifunguliwa kwa watalii wa nje mwaka 1974. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi takribani 274,000. Mwaka 2022 wageni walipita nusu milioni, wengi wao Wahindi wenyewe. Eneo hili ni jangwa. Leh hupata mvua na theluji ya kama milimita 100 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata mara kumi ya hizo. Wenyeji walijenga maisha yao juu ya uhaba huo: mifereji ya kugawa maji ya theluji kwa zamu, na choo kisichotumia tone la maji, ambacho uchafu wake huchanganywa na udongo na kuwa mbolea ya shamba la shayiri. Kisha zikaja hoteli, vyoo vya kuvuta maji, bafu za kila asubuhi, na visima virefu vya kuvuta maji chini ya ardhi. Mbolea ikageuka majitaka. Ukitaka kujua kitakachoipata Padum, nenda nyuma ya hoteli za Leh, si mbele.

Ingawa hapa pia mgeni asibebeshwe kila kitu. Wakazi wa Kumik, kijiji kimoja cha Zanskar, walianza kuhamia uwanda wa chini kwa sababu barafu na theluji iliyowanywesha ilipungua, na hilo halikuletwa na hoteli ya Padum. Moshi uliopasha dunia joto umetoka mbali.

Kuna wanaopendekeza dawa ya Bhutan: toza kingi, pokea wachache. Bhutan ilipandisha ada ya kila siku kwa mtalii hadi dola 200 mwaka 2022, ikaishusha hadi 100 mwaka uliofuata baada ya wageni kupungua. Inavutia, ila Bhutan ni nchi. Ada inaingia hazina yake na serikali yake ndiyo inayopanga. Zanskar ni bonde ndani ya eneo linalotawaliwa moja kwa moja kutoka Delhi tangu Oktoba 2019, na wageni wake wengi ni raia wanaotembea nchini mwao. Huwezi kumtoza mtu wa Mumbai dola 100 kwa siku kulala India.

Kwa hiyo mimi naona kiini cha jambo ni ardhi. Mabadiliko hayo ya utawala ya 2019 yaliondoa kinga iliyowazuia watu wa nje kununua ardhi Ladakh. Tangu hapo Wabudha wa Leh na Waislamu wa Kishia wa Kargil, ambao siasa zao hazikuwa zikiiva chungu kimoja, wamesimama pamoja kudai Jedwali la Sita la katiba, linaloyapa maeneo ya makabila mamlaka juu ya ardhi na mila zao. Mhandisi Sonam Wangchuk alifunga kula siku 21 mwezi Machi 2024 kwa ajili ya madai hayo. Septemba 2025 maandamano ya Leh yaliishia kwa vifo vya watu wanne. Mgeni anayependa monasteri asiuchukulie mgogoro huu kama habari za pembeni. Hoteli ya Padum ikiwa ya mtu wa Padum, mkate utaokwa Padum. Ikiwa ya kampuni ya mjini, mwenyeji atapata kazi ya kufua mashuka.

Na Phugtal? Hapo ningewaunga mkono wanaolalamika, kwa sehemu. Barabara ikomee ng'ambo ya mto, na mtu amalizie kwa miguu. Si kwa ajili ya utukufu wa kutembea. Ni kwa sababu mahali penye maegesho hugeuka soko, na watawa hawakukaa pangoni miaka yote hiyo ili waamshwe na honi. Unga, mafuta na mbao huwafikia mgongoni mwa punda. Wakisema wamechoka na wanataka kamba ya kupandishia mizigo, wapewe, hata kama itaharibu picha.