Saa Nne ya Mjini na Saa Nne ya Tumbatu

Yakhe, wewe wa mjini ukiambiwa "njoo saa nne" unatazama saa ya mkononi, basi. Mtu wa Tumbatu, kisiwa kidogo cha Zanzibar kando ya Unguja, akiambiwa saa nne anauliza kwanza: leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama? Akijibiwa mwezi kumi na tano, anaguna. Umemwita saa ile ile ambayo bahari ya Mkokotoni, bandari ya Unguja anayovukia, imeondoka kwenda kutembea, na imeacha tope kulinda nyumba.

Hesabu yake haina ugumu, ila haina huruma. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji makubwa. Maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Baina ya kujaa na kupwa kuna karibu mita 4, yaani nyumba ya chini pamoja na paa lake. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ikipita wiki, mambo yote yamepinduka: yanajaa saa nne, yanakupwa saa kumi. Lakini hapo tena ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki zaidi ya mita moja hivi, kama mvivu anayeinuka kitandani nusu kisha akajilaza tena.

Sasa mweleze hayo mwenye ofisi anayekutaka saa nne na nakala mbili za kitambulisho. Siku ya bamvua, kufika utafika, ukitoka kisiwani na maji ya alfajiri. Kazi ni kurudi. Karatasi yako inapigwa muhuri saa nne na nusu, unateremka pwani mbio, unaikuta boti imelala ubavu juu ya tope kama ng'ombe anayecheua, na nahodha wake anacheza bao. Utakaa hapo mpaka saa saba. Ukiwa na haraka, utakaa mpaka saa saba na hasira juu yake.

Na kupanda kwenyewe! Maji yakiwa yamejaa, unapanda kama bwana. Yakiwa nusu, vua viatu, vifunge pamoja, vitie shingoni. Simu usiiache mfuko wa suruali. Itie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge fundo, uiweke ndani ya kofia. Suruali unaikunja mpaka magotini, nawe ukijua fika kwamba unajidanganya. Kwa nini? Kwa sababu boti tupu inaelea kwenye maji haba, lakini kila abiria akiingia inazama kidogo, na baharia anaisukuma nje kidogo kwa pondo isije ikakalia mchanga. Wa mwanzo analowa vifundo vya miguu. Wa katikati magoti. Wa mwisho, ambaye siku zote ni yule aliyerudi sokoni kununua tungule, anapanda akiwa amelowa mpaka kiunoni, na tungule kichwani, na watu wote wanamtazama yeye kama aliyewachelewesha.

Mahali pa kukaa napo pana elimu yake. Mbele, omoni, boti inapiga wimbi na unaogeshwa bure. Nyuma unakunywa moshi wa mashine. Katikati ndiko kunakotikisika kidogo, na kwa hiyo kumeshakaliwa na watu wazima wenye heshima zao na kuku wao. Ukibakiwa na ubavuni, kaa upande wa demani, si joshini. Upande wa joshini ndio unaopokea upepo, na marasharasha yote yanaingia kwako. Na upepo ukipambana na mkondo wa maji, bahari inasimama wima: mawimbi mafupi, yamekaribiana, hayana adabu. Hapo utakabidhiwa upo, chombo cha kutekea maji, uyafue, hata kama umevaa kanzu nyeupe, kwa sababu ngama, pale chini botini maji yanapokusanyika, ikijaa haitazami nguo ya mtu.

Lakini hayo ni ya abiria. Mateso yenyewe yako kwenye saruji.

Mtu wa mjini akinunua mifuko ishirini, gari inamfikishia mlangoni. Wa Tumbatu ananunua mifuko ile ile, kilo 50 kila mmoja, jumla tani moja. Inashushwa garini mpaka pwani, hiyo mara ya kwanza. Kutoka pwani mpaka botini, ya pili, na hii ni ya kichwani huku unatembea majini. Kutoka botini mpaka ufukweni kwao, ya tatu. Kutoka ufukweni mpaka uwanjani, ya nne, kwa gari la ng'ombe au kwa mgongo wa mjomba. Mara nne kwa tani moja ni tani nne, na mwenye duka kakuuzia moja tu. Jina la bandari lenyewe Mkokotoni, basi kokota!

Na ikilowa? Mfuko usiulaze sakafuni mwa boti. Tandika mbao kwanza, juu ya ngama, halafu mifuko, halafu turubai, na turubai ulipitishe chini ya mifuko ya pembeni, lisiishie juu kama kofia. Ukifika, usiipange kugusa ukuta wala ardhi. Fungua mmoja uchovye mkono. Ukikuta madonge yanayovunjika kwa vidole viwili, fanya haraka uitumie kwenye kazi ndogo, mfano kusawazishia sakafu ya banda la kuku. Yakikataa kuvunjika, hiyo si saruji tena, umenunua jiwe. Na mawe kisiwa chote kimejaa, hukuhitaji kuyavusha! Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe. Shimo la choo halichimbwi kwa jembe, ni mtarimbo na nyundo, siku nenda siku rudi, mpaka familia nzima inajuta kula.

Usije ukapata akili ya kukorogea zege maji ya bahari kwa kuwa yako karibu. Chumvi inakula nondo. Ukuta utasimama vizuri, watu wakusifu, kisha kutu itavimba ndani na zege lipasuke lianguke vipande vipande, na nyumba iliyokula tani nne za shingo yako inaanza kukumwagikia kwenye sahani.

Wazee wa zamani walikuwa na akili zao. Yakut, yule mwanajiografia wa Kiarabu aliyefariki 1229, ameandika kwamba watu wa Unguja walihamia Tumbatu kwa usalama. Na mji wa mawe waliujenga kweli, magofu ya msikiti wao yapo mpaka leo pale Makutani, upande wa kijiji cha Jongowe. Walijengea mawe na chokaa, vitu vya hapo hapo, hawakusubiri boti. Walitaka mahali adui asipofika kirahisi. Wamefanikiwa, mpaka leo hata friji haifiki kirahisi.

Tena kuna harusi, tuseme kijiji cha Gomani, huko huko Tumbatu. Kadi inaandikwa na kijana anayesoma mjini: "Jumapili, saa nne kamili asubuhi, Gomani." Hakuuliza mwezi! Ikiangukia bamvua, wageni wote kutoka Unguja wanafika wamevaa tope mpaka magotini, kabati la bibi harusi linavuka majini juu ya vichwa sita, na godoro, ambalo likilowa chumvi halikauki barabara abadani, linapita juu ya mikono kama maiti. Tarehe nzuri ni mwezi saba au mwezi ishirini na mbili, au siku moja mbele. Ni maji mafu, hayakimbilii mbali, boti inakaribia saa yoyote. Kama kadi zimeshachapishwa, basi waambieni wageni wavuke saa moja asubuhi, wakae wanywe chai, na mpishi aongeze mandazi.

Na muwaulize vizuri boti wanayopanda inakwenda Gomani au Jongowe. Atakayeshuka siko, ataisikia ngoma kwa mbali akiwa njiani juu ya mawe, viatu vyake bado viko shingoni.