Uwiano Mkubwa wa Nuru na Giza Hauhakikishi Usahihi wa Rangi

Skrini mpya zinapotangazwa, tarakimu inayotangulizwa mara nyingi ni uwiano wa nuru na giza, yaani mara ngapi weupe wa skrini huuzidi weusi wake kwa mwangaza: 1,000,000 kwa 1. Ikilinganishwa na tarakimu hiyo, skrini ya LCD (inayoangazwa na taa zilizo nyuma yake) ya aina ya IPS, yenye uwiano wa takriban 1,000 kwa 1, huonekana imepitwa na wakati, na wapiga picha na waandaaji wa machapisho wanaoendelea kuitumia hudhaniwa kuwa wazito wa kubadilika. Dhana hiyo haiwatendei haki.

Wanaoutetea uwiano mkubwa wana hoja ya kweli. Skrini ya IPS ikiwekwa kwenye mwangaza wa kandela 100 kwa mita ya mraba, weusi wake hubaki na kandela 0.1, na katika chumba chenye giza macho huuona kuwa kijivu. Msahihishaji rangi wa filamu za HDR, zenye tofauti kubwa kati ya nuru na giza, hawezi kuutegemea weusi wa namna hiyo. Skrini ya OLED, ambayo kila pikseli yake (nukta ya picha) huwaka na kuzimika peke yake, inamfaa zaidi.

Mashaka huanza pale tarakimu hiyo inapofikiwa kwa kuzigawa taa za nyuma za LCD katika kanda, kila moja ikiwashwa au kufifishwa peke yake. Skrini ya Pro Display XDR ya Apple, iliyotoka mwaka 2019, ina pikseli zaidi ya milioni 20 lakini kanda 576 tu, yaani kila kanda huangaza pikseli zaidi ya 35,000. Hesabu hiyo inastahili kutafakariwa. Nyota moja angavu katika anga jeusi huwafanya maelfu ya majirani zake wapokee mwanga wasiouhitaji. Programu hujaribu kufidia, lakini ukungu hauondoki wote, na kijivu kilekile kinaweza kuonekana tofauti kutegemea kilicho kando yake. Hata kipima rangi, kikisoma kiraka kimoja juu ya skrini nyeusi, hupima hali ambayo picha halisi haitairudia. Anayeamua kama kivuli cha shavu kimezidi wekundu anahitaji pikseli isiyobadilishwa na jirani yake.

Katika uchapaji jambo hili ni wazi zaidi. Uwiano wa karatasi ya picha inayong'aa huishia kwenye mamia machache kwa 1, na wa karatasi isiyong'aa huwa chini ya 100. Skrini ya 1,000 kwa 1 tayari inaizidi karatasi, kiasi kwamba baadhi ya waandaaji huupunguza uwiano wa skrini makusudi ili ulingane na wa kitakachochapwa. Kwao, maswali ya kumuuliza muuzaji ni kama mwangaza unalingana kutoka kona hadi kona, na kama udhibiti wa kanda unaweza kuzimwa kabisa.